Dawa ya Alhamisi

Masaba, 9 Februari 2025

Kaka Edgar,

Mulembe kwako, kwa Kate na kwa watoto. Huku tuko. Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Anatembea hadi zizini bila fimbo, na akirudi anawagombeza kuku, kwa hiyo ujue amepona. Paddy alipanda mihogo upande wa chini, mvua ikamkimbia. Kevo wangu ameanza darasa la kwanza. Siku ya kwanza aliporudi alimuuliza baba yake, Paddy, kama shule ni kila siku.

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Ikilia moyo unaenda mbio, na nikishaipokea sina la kusema. Karatasi hainiharakishi. Naandika mstari, nalala, naamka naandika mwingine. Hii nimeianza Jumatano. Mama Atim ataileta akija na dagaa wake wa omena soko la Tororo.

Kaka, tangu Novemba sijaingia darasani kufundisha. Mwalimu mkuu bado ananivumilia. Si kwamba nalia. Watu wanadhani mtu wa sonona analia kutwa. Mimi naona tu kila kitu kiko mbali. Juzi maji yalikuwa yanachemka hatua tatu kutoka nilipoketi, nikayatazama mpaka yakakauka na sufuria ikaanza kunuka. Nilijua la kufanya. Mwili ulikataa. Vidonge nilivyopewa nimevimeza miezi mitatu bila kuruka hata siku moja, na nilichopata ni kinywa kikavu.

Paddy amesikia kwamba hapo kwenu mnajaribu dawa mpya ya kupuliza puani, na kwamba mtu huonekana tofauti ndani ya siku mbili tatu. Ni kweli? Kama ni kweli, niingize. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Dada yako,
Annet


Tororo, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Annet,

Barua yako niliipokea kwa Mama Atim, nikaisoma mara tatu kabla ya kuketi kuijibu. Nisamehe kwa wiki hizi zilizopita. Kate anakusalimu sana. Prossy wetu amefaulu kidato cha nne na sasa anataka kusomea uuguzi. Mama yake amefurahi, mimi nimemwambia afikirie vizuri. Mwambie Mama mguu ule autulize juu ya kigoda kila jioni, hata kama anasema amepona.

Ulichosikia ni kweli. Dawa ipo. Tunaijaribu hapa na katika kliniki nyingine ya mradi huohuo ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya. Kazi yangu ni kusoma ripoti za usalama za kliniki zote mbili: nani ametapika, nani ameona kizunguzungu, nani presha yake imepanda. Majina siyaoni, naona nambari. Na baadhi ya wagonjwa wenye hizo nambari wanainuka na kupata nafuu haraka kuliko nilivyowahi kuona katika miaka kumi na tisa ya utabibu. Sikufichi hilo.

Lakini siwezi kukuingiza. Kanuni zinakataza ndugu wa mfanyakazi. Na hata usingekuwa ndugu yangu, una presha tangu uzazi wa Kevo, nayo dawa hii huipandisha presha kwa saa moja au mbili. Kwa mtu asiye na tatizo hilo si neno. Kwa mtu kama wewe hatujui.

Nilipokuwa mwanafunzi, katika zahanati moja, tulikuwa na mgonjwa wa kifafa aliyeitwa Mzee Etyang, fundi baiskeli. Dawa mpya ilikuwa imefika, haijamaliza kupimwa. Daktari wetu, mtu mwema sana, alimwonea huruma akampa kabla ya wakati. Wiki tatu Mzee hakuanguka hata mara moja. Mkewe akatuletea jogoo wa shukrani. Wiki ya nne ini lake likashindwa. Mimi ndiye niliyemfunika shuka, na jogoo alikuwa bado amefungwa kamba nyuma ya zahanati. Tangu siku hiyo siwezi kuharakisha dawa, hata kwa mtu wangu.

Vumilia. Mwaka mmoja, labda miwili, itakuwa hospitalini kwa kila mtu. Kwa sasa rudi kwa daktari wako umwombe akubadilishie vidonge.

Kaka yako akupendaye,
Edgar


Masaba, 23 Machi 2025

Kaka,

Mama amesikia habari ya kigoda, amesema uje umshikie wewe huo mguu. Paddy na watoto wazima.

Barua yako nimeielewa, na habari ya dawa sitakuuliza tena. Neno moja tu. Umeandika "mwaka mmoja, labda miwili" kama mtu anayezungumzia barabara itakayowekwa lami. Mimi nahesabu kutoka kuamka hadi saa nne, na nikiifikia saa nne naanza kuhesabu upya.

Nimeanza kuvuka ng'ambo kila Alhamisi kumsaidia binamu yetu Felistus kwenye duka lake la nguo. Paddy anasema kutoka nyumbani kutanifaa.

Annet


Masaba, 11 Mei 2025

Kaka Edgar,

Natumaini barua hii inawakuta nyote vizuri, na Prossy amepata nafasi ya uuguzi anayoitaka. Mama alinunuliwa gomesi mpya ya kwenda harusini kwa jirani, harusi ikapita, yeye anaendelea kuivaa hata akienda kuchuma mboga. Mihogo ya Paddy imeshika.

Nina habari. Jumatatu ya wiki jana nilirudi darasani. Watoto wa darasa la nne walisimama wote kunipokea, nami nikajifanya natafuta chaki ili wasinione uso. Nikaandika hesabu ya sehemu ubaoni, nikaikosea, msichana mmoja wa mbele akanisahihisha, nikacheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu. Jioni yake nilikula omena na nikaonja chumvi. Unaweza kuona si kitu, lakini mimi nilikuwa sijaonja chumvi tangu Krismasi. Paddy alinitazama nikila, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Ng'ambo nimepata rafiki, anaitwa Truphena. Ana watoto wawili, anaishi na mama yake. Ni mshonaji, ila mwaka mzima cherehani yake ilikuwa imefunikwa gunia. Sasa ameifunua na ananishonea sketi. Alhamisi tunaketi pamoja tunacheka mambo ya kijinga kabisa.

Usiniulize imekuwaje. Furahi tu.

Annet wako


Tororo, 8 Juni 2025

Mdogo wangu Annet,

Barua yako ya Mei nilimsomea Kate kwa sauti, na tulipofika kwenye chumvi ilibidi amalizie yeye. Tunamshukuru Mungu. Unaona sasa? Vidonge vilihitaji muda tu. Sisemi hivi kukusuta; nasema kwa sababu mimi pia nilikuwa na hofu kwamba nilikujibu kwa ukali.

Kazini tumepatwa na jambo. Alhamisi ya tarehe 29 Mei mgonjwa mmoja wa kliniki ya ng'ambo alianguka, dakika arobaini baada ya kupuliziwa dawa. Presha yake ilifika mahali ambapo sipendi hata kupaandika. Wakamlaza siku mbili, akaamka salama, akaenda kwake. Fomu yake inasema hajawahi kuwa na presha. Sasa kama mtu asiye na presha anaweza kufika pale, yeyote kati yao anaweza. Niliandika kwamba dawa isimamishwe kliniki zote mbili, na kamati ikakubali siku ileile niliyoandika.

Daktari mkuu wa mradi alinipigia. "Edgar, watu themanini na sita wanaendelea vizuri. Unawafungia mlango kwa ajili ya mmoja?"

Nikamjibu, "Huyo mmoja yuko hai. Wa pili huenda asiwe."

Alikata simu. Usiku huo nililala vizuri, nakwambia ukweli.

Nilikupigia simu wiki ileile, hukushika. Paddy akasema uko matangani Kiyeyi. Mimi sikusikia msiba Kiyeyi, na si mbali na hapa. Lakini siku hizo nilikuwa nimezama kazini.

Kaka yako,
Edgar


Masaba, 29 Juni 2025

Kaka,

Wote hawajambo. Matanga yalikuwa ya mtu wa mbali, humjui.

Nina swali. Hiyo dawa mtaifungua lini? Nauliza kwa ajili ya Truphena. Alikuwa kwenye mradi wenu wa ng'ambo. Alhamisi moja walifika wakakuta mlango una karatasi, na nesi akawaambia waende nyumbani, watapigiwa simu. Wanapigiwa kila baada ya wiki mbili. Wanaulizwa, unaendeleaje, wanajibu, vizuri, simu inakatwa. Mtu wa namna hii, Kaka, ukimuuliza anaendeleaje atakwambia vizuri ili umwache.

Amefunika tena cherehani. Sketi yangu ina pindo upande mmoja.

Mimi darasani naenda, ila siku hizi naondoka mapema.

Annet


Tororo, 20 Julai 2025

Dada Annet,

Nimechelewa kukujibu. Kate alikuwa na malaria, amepona. Prossy amekubaliwa chuoni.

Mwambie Truphena asikae peke yake. Chini ya fomu yake ya ridhaa kuna namba ya nesi ambaye hupokea simu saa zote. Aipige hata kama anaona ni jambo dogo. Kama hawezi, umpigie wewe.

Umeuliza lini. Kamati haiwezi kufungua mpaka ijue kwa nini presha ya mgonjwa yule ilipanda. Vipimo vimepelekwa mbali na majibu huenda yakafika Desemba. Lakini tungeijua sababu, kwa mfano kama kuna jambo ambalo mgonjwa hakulisema siku ya kuandikishwa, wiki chache zingetosha. Hakuna ambaye angemwadhibu. Ningependa alijue hilo, popote alipo.

Vidonge vyako vya presha unavimeza?

Edgar


Masaba, 24 Agosti 2025

Kaka Edgar,

Leo sina salamu ndefu. Nyumbani wote wazima.

Truphena tumemzika Jumamosi ya tarehe 16. Hakuugua. Sitaandika ilivyokuwa, nawe usiniulize. Namba ya nesi alikuwa nayo, mimi mwenyewe nilimwandikia kwa herufi kubwa. Alhamisi ya mwisho tuliketi kwenye ngazi za duka la Felistus, akaniuliza, "Wewe unadhani watafungua?"

Nikamwambia, "Watafungua."

Akasema, "Mimi najua tu kwamba kuna mahali nilikuwa nimefika." Kisha akaomba nimsaidie kubeba maji, tukaachana pale kwao.

Siku hiyo nilikuwa na neno ambalo lingefungua ule mlango, sikulitoa. Mgonjwa aliyeanguka tarehe 29 Mei ni mimi.

Nilikwenda ng'ambo mwezi wa tatu na kile kitambulisho changu cha ng'ambo, nilichokipata kupitia ukoo wa Mama, chenye jina la Annet Nabwire. Wakaniuliza kama nina ndugu kwenye mradi, nikasema sina. Wakaniuliza kama nina presha, nikasema sina. Nilikuwa nimemeza vidonge vya presha wiki mbili mfululizo ili kipimo kisome vizuri, na kikasoma vizuri. Nikaendelea kuvimeza, na katikati ya Mei vikaisha. Nikaona nimepona, mtu aliyepona anakimbilia vidonge vya nini. Basi. Habari ya matanga ya Kiyeyi nilimtuma Paddy aiseme. Usimlaumu, nilimwapisha.

Nilipofumbua macho pale kliniki sikuwaza kwamba nimeponea chupuchupu. Niliwaza kwamba watanifukuza. Nikanyamaza ili nisifukuzwe peke yangu, tukafukuzwa wote.

Waambie. Waandikie majina yangu yote mawili. Najua mimi sitapewa tena. Waliobaki wapewe.

Lakini nataka na wewe ujue jambo moja. Kama ningesubiri ulivyoniambia Machi, sidhani kama ningefika Mei. Ile dawa iliyoniangusha ndiyo iliyoniinua, na ukweli huo sijui niuweke wapi.

Annet


Tororo, 21 Septemba 2025

Mdogo wangu Annet,

Kabla ya yote: Kate ameongea na daktari wa wagonjwa wa akili hapa mjini. Anakusubiri Jumanne ya tarehe 30. Ana vidonge viwili anavyotaka kuviunganisha, na vyote havina ugomvi na presha. Si vya haraka. Paddy akulete, tafadhali, na ulale kwetu.

Barua yako ilinifikia Jumanne, na Jumatano asubuhi nilimkabidhi daktari mkuu. Aliisoma amesimama, kisha akaketi. Kamati imekaa mara mbili. Dawa itaanza kutolewa tena tarehe 6 Oktoba. Presha itapimwa siku tatu tofauti kabla ya mtu kuandikishwa, kila mmoja atakuja na kitabu chake cha hospitali, na mtu yeyote atakayesimamishiwa dawa atatembelewa nyumbani kila wiki, si kupigiwa simu. Hili la mwisho nililidai mimi kwa sababu ya ulichoniandikia Juni. Limekuja wakati ambao halimsaidii Truphena.

Sasa kuna jambo ambalo sikukuandikia Julai.

Nilijua, Annet. Si kwa asilimia mia, lakini nilijua. Ripoti ilisema mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwalimu, mwenye kovu la upasuaji wa uzazi. Siku zake za kulazwa ndizo siku ambazo hukushika simu. Mwanzoni mwa Julai nilikwenda mwenyewe hadi Kiyeyi, nikauliza, hakukuwa na msiba wowote. Nikarudi ofisini, nikaichukua ile faili nikaiweka chini ya nyingine. Ile habari ya mgonjwa aliyeficha jambo nilikuandikia kwa makusudi. Nilitaka useme wewe, ili nisiwe mimi niliyekusema.

Kutoka hapa hadi Masaba ni mwendo mfupi wa pikipiki. Ningeweza kuja jioni yoyote nikakuuliza usoni. Nilijiambia nasubiri uhakika. Wenzangu wote kazini wananijua kama mtu wa tahadhari, na nilijificha ndani ya sifa hiyo. Kutoka siku niliyotoka Kiyeyi hadi siku mliyomzika rafiki yako ni wiki sita. Wewe ulikuwa mgonjwa ulipokaa kimya. Mimi nilikuwa mzima.

Haya nayo nilimwambia daktari mkuu. Nimeondolewa kwenye kazi ya ripoti za usalama. Sasa napima uzito wa watoto siku za chanjo. Kuisimamisha dawa tarehe ile, bado naamini ilikuwa sawa na ningefanya tena. Yaliyofuata siwezi kuyatetea, hata kwa Kate nimeshindwa.

Naomba kuja. Sema siku.

Edgar


Masaba, 12 Oktoba 2025

Kaka Edgar,

Kate atakuwa amekwambia nililala kwenu tarehe 30 wakati wewe ulikuwa kijijini kwa chanjo. Au ulijitengenezea hiyo safari, sikumuuliza. Vidonge vipya naviendeleza, na vya presha pia. Siku nyingine nafundisha vipindi viwili. Cha tatu namwachia mwenzangu.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Nilitaka kukukasirikia, nikaanza, na katikati nikaona hasira yenyewe inanihusu mimi pia. Mama anauliza kwa nini huji. Nimemwambia una kazi nyingi.

Alhamisi iliyopita nilivuka nikasimama upande wa pili wa barabara, mkabala na kliniki. Waliingia watu tisa. Mmoja ni mama tuliyekuwa tunaketi naye benchi moja mimi na Truphena. Saa sita alitoka, akanunua ndizi, akaila yote palepale kivulini. Sikumwita.

Kisha nikaenda kwa mama yake Truphena. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilipeleka sukari nikaondoka. Safari hii nilimwambia yote, yangu na yako, nikiwa bado mlangoni. Hakunifukuza wala hakunikaribisha ndani. Aliendelea kuchambua mboga, nami nikasimama. Wajukuu wake walikuwa wamekaa nyuma yake wakiandika kazi ya shule. Alipomaliza mboga akauliza, "Waliorudishiwa dawa ni wangapi?"

Nikamwambia, "Niliowaona ni tisa."

"Na wanaoangaliwa nyumbani, ni kweli wanaangaliwa, au ni maneno ya karatasi?"

 Nilimwambia nina kaka anayejua jinsi kazi ile inavyokwenda, nitakuja naye. Akasema Jumamosi yuko nyumbani.

Basi njoo Ijumaa ulale hapa. Jumamosi asubuhi tutavuka pamoja. Mimi sitakusemea; nitakaa kando yako, na utamjibu wewe.

Dada yako,
Annet